Mia Toa Saba

Daktari Whitlock, kijana wa soksi za njano,
aliniambia nihesabu kinyumenyume:
mia toa saba, toa tena saba, endelea.
Kwa Kiingereza.
Nikafika tisini na tatu, nikakwama.
Nje mvua ya Leicester iliandika kitu dirishani,
ikafuta, ikaandika.

Mimi!
Niliyehesabu soksi miaka ishirini na sita kiwandani,
dazeni kwa dazeni, korija kwa korija,
msimamizi akinijia mimi kwanza
ndipo afungue daftari lake.
Mimi nishindwe na themanini na sita?

"Akili inahitaji mazoezi," akasema daktari.
Kwetu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Zangu, daktari, unaziona mwenyewe.

Binti yangu Raiyan akanitilia mchezo kwenye simu:
vitufe vya rangi, kengele, nyota tano ukishinda.
Nilishinda.
Sikujua nimemshinda nani.

Kisha Jumanne moja nikatia ufunguo
nambari arobaini na saba. Yangu ni arobaini na moja.
Doreen Tansley akafungua, amevaa aproni,
akanitazama, akatazama ufunguo.
"Nilikuwa nabandika chai," akasema,
kama kwamba nimebisha hodi.

Oktoba ile tuliokota mbegu chini ya miti ya Evington.
Si komwe, lakini ni ngumu, zang'aa.
Nikachora bao nyuma ya karatasi ya ukutani,
mashimo thelathini na mawili,
nikahesabu kete mara tatu.
Mara ya tatu kwa Kiswahili,
zikatimia sitini na nne.

"Hili la mraba ni nyumba," nikamwambia.
"Weka sita. Kando yake mbili, na mbili tena.
Ishirini na mbili zibaki mkononi. Usiivunje nyumba mapema."
"Numba," akasema Doreen.
Akaivunja papo hapo.

Majira ya baridi yote tukanamua,
tukala, tukatakata,
kichwa kikiniuma kama mapaja
ya mtu aliyepanda ngazi baada ya mwaka kitandani.
Februari akanifunga. Hakusema kitu,
ila alikwenda jikoni na nikamsikia akicheka na birika.

Naye alikuwa na zoezi lake:
hufumba macho akaupita mtaa kama ulivyokuwa utotoni,
duka la nyama, kinyozi, mshona viatu mwenye kasuku,
mlango kwa mlango, asiruke.
Zamu yangu, nikaupita mstari wa mashine:
ya kwanza Harbhajan,
ya pili Glenys,
ya tatu Mbaraka Mngazija na kikohozi chake,
ya nne mimi,
ya tano Piotr aliyelia redio ilipotaja Gdansk,
ya sita
ya sita
Doreen ananyamaza. Hanidokezei, hanihurumii.
Anasubiri, mkono juu ya kete.

Kesho yake, yai likiwa kikaangoni: Winsome!
Winsome Gayle, mwenye pete kidole gumba!
Nikatoka na mwiko mkononi,
nikagonga mlango wa arobaini na saba,
safari hii kwa makusudi.
Yai likaungua. Na liungue.

Machi nikarudi kwa daktari.
"Naomba nihesabu kwa lugha yangu."
Akafikiri. Akageuza karatasi yake ya majibu,
akaniambia niandike pia, ili ajue.
Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa.
Kwenye thelathini na saba niliteleza,
nikasema ishirini na tisa,
nikaisikia ikilia vibaya kama sarafu ya bati,
nikairudia: thelathini.
Ishirini na tatu, kumi na sita, tisa.
Mbili.

Mbili haitoi saba. Hapo ndipo inapokoma.
Hakuniambia nimepona. Sikumwuliza.

Ndani ya basi nikatia mkono mfukoni,
nikakuta kete mbili, zimesinyaa sasa, nyepesi.
Sijui zilifikaje.
Jioni Doreen atahesabu, atapata sitini na mbili,
atahesabu tena,
kisha atakuja kunidai.