Makoti Yalirudi Kwao

Makoti tuliyanunua Memorial, Jumanne,
siku mabelo yanapofunguliwa
na mwenye mkono mwepesi ndiye hupata.
Mama Ulomi akayakung'uta, akaapa kwa marehemu mumewe:
"Gredi ya kwanza haya. Baridi ya huko yanaijua."
Manne kwa elfu sitini, na skafu ya nyongeza.
Langu lilinuka kabati la mtu.
La Baba lilikuwa la kijivu, kiwiko kimoja kina kiraka,
na mfukoni tikiti ya tramu iliyokunjwa mara nne:
Vienna, mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Baba alicheka mpaka akakaa chini.
"Basi linarudi kwao hili.
Sisi tunalisindikiza tu."

Miaka kumi na minne ya bahasha za tipu
alizopewa pale geti la Mweka
na watu wenye malengelenge na machozi
zililala kwenye kopo la maziwa ya unga,
nyuma ya cherehani ya Mama.
Majirani wa Kiboriloni walisema nunua Noah,
jenga vyumba upangishe, panda parachichi.
Baba alisema, "Hawa wote nimewapandisha.
Nataka nione wanakoshukia."

Roma kulikuwa na jua.
Tuliyabeba makoti mkononi kama watoto waliolala.
Mbele ya ule uwanja wa mawe uliobomoka upande
Kundaeli aliuliza kwa nini hawajamalizia kujenga.
Mama akafikiri.
"Pengine ndugu waligombea urithi."

Venisi maji yamekaa barabarani
kama Aprili kule Msaranga,
ila wao wanatoza kuyatazama.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
tulikunywa soda moja watu wanne
na mwenyeji alipona kabisa.

Praha, mnara wa kanisa,
ngazi karibu mia tatu zinazojizungusha.
Kiongozi wetu, binti mwenye mwavuli mwekundu,
alipanda kama anayedaiwa.
Baba alibaki nyuma, mikono mgongoni,
akihesabu vichwa.
"Pole pole," alimwambia mama mmoja tusiyemjua,
aliyeegemea ukuta.
"Kunywa maji. Kichwa kinauma?"
Mama yule hakujua neno hata moja.
Akanywa.
Kule juu kila mtu aliutazama mji,
mapaa mekundu, mto, madaraja.
Baba aliwatazama watu:
midomo yao, kucha zao,
nani amenyamaza kupita kiasi.

Vienna tulifika na mvua yenye chembe za barafu.
Kulikuwa na majumba ya wafalme ya kuona.
Baba alitoa ile tikiti, akaikunjua,
akatafuta tramu yenye namba ile ile
mpaka akaipata.
Tulipanda hadi mwisho wa njia, tukarudi,
tukaenda tena.
Alikaa dirishani, kiwiko chenye kiraka kimeelekea kioo,
ili mwenyewe akiwapo
alione.
Hakuna aliyeliona.
Mbwa mmoja tu, mzee, kavaa sweta,
alilinusa pindo,
akajilaza juu ya viatu vya Baba,
na kituo chao kilipofika hakutaka kushuka.
Mwenye mbwa aliomba radhi kwa lugha yake.
Baba akasema, "Hakuna shida,"
kwa lugha yake.
Usiku ule nilimwona akiikunja tikiti yetu
mara nne.

KIA tulitua usiku wa manane.
Joto likatukumbatia kama shangazi asiyejua kuachia.
Asubuhi mlima ulitoka mzima mzima
na Mama akasema, "Haya, na wewe shikamoo,"
akaenda kuangalia kama kuku wamelishwa.

Januari Baba alirudi kazini.
Alituhadithia hili akivua buti, hakulipamba:
kambi ya Barafu, saa tano za usiku,
kijana mpagazi wa Uru, jaketi lake jepesi kama ahadi,
meno yanagongana.
Akamvisha lile koti.
Kijana akatia mkono mfukoni,
akatoa vikaratasi viwili,
akavimulika kwa taa ya kichwani.
"Mzee, tikiti za wapi hizi?"
"Za mjini," Baba akamwambia.
"Zirudishe. Zina wenyewe."