Andika na Hilo

Nafundisha asilimia darasa la sita.
Miaka kumi na moja naandika ubaoni:
mtaji, mara kiwango, mara muda,
gawanya kwa mia.
Chaki ikidondoka naiokota, naendelea.

Lakini kadi yangu ya benki
ilikuwa kwa Chilumba, nyuma ya stendi ya Newala,
ndani ya kopo la biskuti,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli
pamoja na za manesi wawili na mgambo mmoja.
Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kujua.
Hunipigia: "Mwalimu, tumepata."
Tumepata!

Nilianza na laki tatu, mabati ya mama.
Kisha laki mbili, kulipa riba ya laki tatu.
Kisha ule wa simu, wa kubofya tu,
saa nane usiku, mke amelala,
ukungu umejaa dirishani kama mtu anayesoma begani kwangu.
Siku ya tisa simu ikawaandikia wote ninaowafahamu:
fundi cherehani, shemeji wa Tandahimba,
baba wa mtoto niliyemchapa kwa kukosa hesabu.

Kausha damu. Jina halikutungwa na mshairi.

Nikaenda kwa Anzelma Nandonde,
chumba kimoja kando ya ghala la chama cha msingi,
harufu ya magunia na salfa.
Nilivaa koti. Sijui kwa nini koti.
"Hapa hatutoi hela," alisema kabla sijaketi.
"Umekuja na karatasi?"
Nikamimina mfuko mezani: risiti, vipande vya daftari,
bahasha ya mchango wa harusi yenye namba za watu.
Akapiga mistari kwa rula ya mbao.
Nani. Kiasi gani. Tangu lini. Kwa mwezi anataka ngapi.
"Andika wewe. Mwandiko wako ni mzuri."

La tatu, nikaomba maji.
La tano, alikuta thelathini kwa mia
nilipoandika kumi na tatu,
akaizungushia duara, hakusema neno.
Yalifika saba.
"Yameisha?"
"Yameisha."
Alimenya korosho moja, taratibu.
"La mwisho watu hulikumbuka wakishika kitasa."

Nikashika kitasa.

Magunia mawili ya mama, msimu wa mwaka juzi.
Niliyauza kangomba, bei ya kutupa,
korosho zingali maua.
Kila Ijumaa anauliza: chama bado?
Bado, mama.
"Lakini hilo si deni," nilisema. "Yule ni mama."
"Andika na hilo."
"Na riba?"
"Weka sifuri."
Sifuri! Mimi ninayeziviringa kutwa nzima.
Ile ilinishinda kuifunga.

Jumatatu benki, kadi ikazimwa, namba ya siri mpya.
Chilumba akapiga, si kwa "tumepata" safari hii.
Anzelma akaichukua simu: "Leseni yako ni ipi?
Mkataba uko wapi? Basi tuzungumze mtaji uliobaki,
miezi minane, na usimpigie usiku."
Runinga nimeuza. Chai ni ya rangi.
Watatu nimewamaliza; wa simu bado anatisha,
ila sasa anatisha mtu aliye macho.

Ijumaa nilikwenda kwa mama.
Alikuwa anamenya ming'oko, hakuinua kichwa.
Nikamwambia yote, mpaka bei.
"Magunia mawili," nikamaliza.

Akaninyooshea kisu kuelekea mwimo wa mlango wa jiko.
Mama hajui kusoma.
Mistari ya mkaa, imefifia kidogo.
Nikaihesabu. Nikairudia.

"Matatu," alisema mama. "Kaa ule."

Usiku ule nilifungua daftari la Anzelma,
nikatafuta kalamu nyekundu,
ile ninayosahihishia watoto wa watu.