Daftari la Pijo

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo,
kipupwe bado kimeikalia Isevya,
nafungua boneti kabla sijafungua kinywa.
Oili kwanza. Nachomoa kijiti, nakipangusa
kwa kipande cha kanga ya mama, kile kilichobaki na nusu ya jina,
nakichovya tena, nakisoma:
kati ya alama mbili, rangi ya asali ya miombo.
Ikiwa nyeusi kama kahawa ya msibani, safari hakuna.

Maji ya rejeta. Mafuta ya breki.
Fenibelti naibonyeza kwa dole gumba;
ikijibu salamu, tumepona.

Ni Pijo mia nne na nne.
Rangi yake ilikuwa ya maziwa, sasa ni ya meno.
Baba alilinunua kwa padri wa Kipalapala aliyekuwa anarudi kwao,
akalilipa kwa mshahara wa reli, kidogo kidogo,
na madumu kumi na manne ya asali.

Alipofariki, tuliliheshimu.
Hilo ndilo kosa letu: tuliliheshimu.
Tukalifunika turubai, tukaliegesha ukutani,
miaka mitatu tukipita kando yake kwa sauti ya chini.
Panya wakazaa ndani ya chujio la hewa.
Breki zikang'ang'ania magurudumu kama wadai.
Petroli ikageuka ulimbo kwenye kabureta,
na nyuki, maana hapa ni Unyamwezi,
wakahamia kwenye buti,
wakajenga masega juu ya tairi la akiba.

Fundi Lugonzibwa alikuja na moshi kwanza, spana baadaye.
Alipokwisha kurina alipiga magoti, akachungulia uvunguni,
akanyamaza muda mrefu, akilamba vidole.
"Hili halijauawa na barabara, Nyamizi.
Limeuawa na kivuli."
Kisha akaninyooshea bili. Nikakaa chini.

Kaka yangu Mihambo akapiga simu kutoka Dar:
liuze kwa kilo, chuma chakavu kimepanda bei.
Nikamwambia mtandao unakata.

Siku hiyo, ndani ya kisanduku cha dashibodi, nilikuta daftari.
Mwandiko wa karani wa stesheni, umesimama wima:
*19/2. Plagi nimezisugua. Platini, upana wa wembe.
Mvua. Igombe, tumerudi. Hakuna neno.*
Ukurasa baada ya ukurasa, hakuna neno, hakuna neno.
Nami nilidhani baba alikuwa mtu wa matembezi!
Kumbe Jumamosi zile zote, soda za moto kando ya bwawa,
mimi na Mihambo kiti cha nyuma tukitapika vumbi,
zilikuwa dawa, dozi moja kwa wiki,
na wagonjwa hatukuwa sisi.

Basi, choki nusu. Klachi. Ufunguo.
Linakohoa mara ya kwanza. Mara ya pili linalaumu.
Mara ya tatu linakumbuka.
Silikimbizi. Kilomita sitini kwa saa zinatosha
injini ipate moto hadi kwenye mifupa,
unyevu uliolala kwenye eksosi utoke na mvuke wake,
betri ishibe, grisi itembee.
Tunavuka reli, tunapita mabani ya tumbaku,
watoto wanapunga mikono, wanaume wanauliza bei.
Namba za kilomita zilishazunguka zamani zikaanza upya sifuri,
kwa hiyo kwa hesabu ya dashibodi
gari hili ni changa kuliko mimi.

Leo, tukirudi, nimesikia kitu.
Kushoto, chini, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha.
Nimezima redio, nimeshusha kioo,
nimelisikiliza hadi getini.

Daftarini nimeandika:
*Oili nusu lita. Platini sawa. Mlio mpya, tairi la mbele kushoto,
fundi Jumatatu asubuhi, si Jumanne.
Igombe, tumerudi. Kuna neno dogo.*

Nimeusoma mstari ule mara mbili.
Nilikuwa peke yangu garini.
Sikufuta.