Namba Tisa

Shaame yuko Mwera, mie niko Konde,
baina yetu bahari na bando la shilingi elfu moja.
Simu nimeibana kwa bega, shingo imepinda
kama ya kuku aliyesikia jina lake likitajwa jikoni.
"Bi Mize, bonyeza palipoandikwa Pakua."
Nabonyeza. Mstari wa kijani unajijaza
kama ndoo chini ya mfereji usio na nguvu,
asilimia kumi na mbili,
kumi na mbili,
kumi na tatu,
halafu umeme unapepesa jicho
na sote wawili, pande mbili za maji,
tunanyamaza tukingoja kuona kama utakata.
Haukukata.

Mwalimu mkuu keshapita mlangoni mara ya tatu.
Matokeo ya skuli nzima yamo humu ndani,
printa inatema karatasi tupu tangu Jumatatu,
na wizarani wanayataka kesho kabla ya adhuhuri.

Kisanduku kinachomoza katikati ya kioo:
"Je, unamwamini mtengenezaji wa programu hii?"
Ndiyo. Hapana.
Nacheka. Shaame anauliza kuna nini.
Hakuna kitu, mwanangu.
Ni kwamba nina miaka hamsini na moja
na suala kama hili niliulizwa mara moja tu,
nyuma ya pazia, hina haijakauka,
nikanyamaza, na kimya changu kikahesabiwa.
Mashine haikubali kimya.
Inataka kidole.

"Sasa nisomee namba."
Tisa. Nazisoma tatu tatu, kwa sauti ya chini,
maana Bikombo wa maktaba ana masikio ya popo:
nne sita mbili,
sifuri nane nane,
moja tano tatu.
"Nshabisha hodi," anasema.
Kweli, kwenye kioo yuko mtu anataka kuingia.
Kwetu hodi ni tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka.
Hii imepigwa moja, na pembeni sekunde zinapungua,
thelathini, ishirini na tisa.
Karibu, nikasema kwa mdomo.
Nikakumbuka, nikabonyeza.

Ule mshale ukaniponyoka.
Mkono nikaupakata kama mtoto wa watu.
Ukaenda wenyewe, bila wasiwasi,
ukafungua makabati nisiyojua kama yapo,
ukatoa vikuukuu, ukaingiza vipya,
na mie nimekaa naangalia
kama mgonjwa anayefagiliwa ua na majirani.

Kisha ukafika mbele, pale ninapotupa kila kitu.
Mahudhurio. Ada za Mitihani. Chanjo.
Barua kwa Kadhi.

Nilisahau.
Naiandika saa za chai tangu Mfunguo Sita,
naifuta, naiandika,
haina tarehe, haina saini.

Mshale ukasimama juu yake. Nusu pumzi.
Labda mtandao tu ulikwama, siwezi kuapa.
Simuni nilisikia feni ya Mwera ikizunguka.
Halafu dirisha la printa likafunguka,
kubwa kuliko lilivyohitajika,
likaifunika barua yangu yote.

Printa ikakohoa. Majina yakaanza kutoka,
Asaa, Faki, Khatoro, kila mtoto na alama zake.

"Umeona nini, Shaame?"
"Nimeona printa, Bi Mize. Ilielekezwa kwengine."
Akanambia namba zile sasa hazina kazi,
hawezi kurudi mpaka nimsomee nyengine.
Akaniaga vizuri, akamsalimia na mwalimu mkuu.
"Kikao kimekwisha," kioo kikaandika.

Mshale ukanirudia mkononi, mzito kidogo.
Bikombo alikuwa keshakwenda kusali.
Nikalisogeza lile dirisha,
nikaifungua barua,
nikaandika tarehe ya leo.
Printa ilikuwa bado ina moto.