Weka Chini Msasa

Weka chini msasa, Somoe.
Msasa haubagui: hula kutu, hula na chuma.
Huu weusi wenye buluu, kama shingo ya kanga wa porini,
aliupika fundi motoni, ng'ambo, kabla babu yako hajaoa.
Ukikwanguka, Liwale nzima hakuna wa kuurudisha.

Mafuta? Si ya ufuta.
Ufuta tunao magunia, ila mafuta yake huganda yakawa gundi.
Lete ya cherehani. Tone.
Nimesema tone.
Iache kutu inywe mpaka asubuhi.

Kisha ile senti ya shaba yenye tundu:
shaba ni laini, itamkwangua mgeni
imwache mwenye nyumba.
Penye vikona, unyoya wa kuku.

Jumamosi afande anakuja kuichukua, na risiti yake.
Najua. Lakini maiti haoshwi ovyo
ati kwa kuwa anazikwa.

Na hapa, penye weupe, nyuma ya kifyatuo,
usisugue, usipake kitu.
Hiyo si kutu.
Ni kidole gumba cha babu yako, miaka thelathini na mmoja,
akisubiri tembo watoke mihogoni
bila kufyatua.