Usiku Mmoja, Matoleo Matatu

Nimezitandaza mezani kama khanga za kuchagua.
Santuri tatu, usiku ule ule, watu wale wale watano:
Clovis Hargett na tarumbeta lake,
Novemba, mwaka wa hamsini na nane.
Nje ni Harehills, na mvua ya Leeds
haianzi wala haiishi, inasahau tu kunyamaza.

Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Liburd,
dereva wa basi, mzaliwa wa Saint Kitts,
aliyeandika kwa wino nyuma ya jalada:
HAIAZIMWI.
Na chini yake, kwa herufi ndogo: hata wewe, Ismay.
Ismay alikuwa mkewe.
Sauti yote inatoka mlango mmoja,
wanamuziki wamebanana katikati
kama wageni kwenye sebule yenye kochi moja.
Inakwaruza. Inakaanga vitunguu.
Upande wa pili, wimbo wa tatu, inaruka
mpaka uweke peni juu ya mkono wa sindano,
na peni yenyewe nimeirithi, pamoja na utepe wake.

Ya pili ni ya Kijapani, ya themanini na tatu,
nzito, nyeusi tii, safi kama sufuria ya bi harusi.
Hapa besi ina tumbo.
Hapa matoazi yanamwagika kama mchele kwenye sinia ya bati,
punje baada ya punje.
Mpiga piano nilimdhania goigoi;
kumbe miaka yote alikuwa anasema, ila nyuma ya ukuta.
Sina ugomvi nayo.
Isipokuwa wamemsogeza Hargett kushoto,
saksafoni wakaipeleka kulia,
na katikati pamebaki nafasi ya mtu mmoja
ambayo siachi kuitazama.

Ya tatu imeletwa jana na posta:
sanduku, kijitabu cha kurasa arobaini,
picha ya Hargett ameinama, anafunga kamba za kiatu.
Fundi wa sauti anajieleza kwa fahari:
amefuta kila mkwaruzo, kila mvumo, kila mguno.
Mbu wamewaua, sawa,
na masika wameyafukuza.
Maana kwa Mzee Liburd, kabla ya solo,
kuna pumzi.
Mtu anavuta hewa, kiti kinalia,
ndipo shaba inapofunguka.
Hapa shaba inafunguka tu, kama bomba la jikoni.
Nimerudisha mara sita.
Hakuna aliyevuta pumzi.

Nilikuwa tayari kuirudisha dukani.
Kisha, ukurasa wa kumi na saba, nikasoma
kwamba mashine ya kunasia, usiku ule,
ilizunguka pole kuliko ilivyopaswa,
hivyo matoleo yote ya zamani yanakwenda mbio,
robo ya sauti juu.
Safari hii mwendo umerekebishwa.

Nikasikiliza tena, nimesimama.

Hakuwa na haraka.
Yule kijana niliyemjua, anayekimbiza noti
kama aliyeachwa na treni,
alikuwa mtu mzima, anatembea,
tarumbeta lake zito kidogo, lina koo,
lina jambo la mtu aliyepokea barua mbaya asubuhi,
akaikunja, akaitia mfukoni, akaja kazini.

Sasa niliyempenda miaka kumi na tisa ni nani?
Mzee Liburd alikufa akimjua yule mwenye mbio.
Alimpigia mluzi kwenye usukani, kituo hadi kituo,
robo ya sauti juu ya ukweli,
na abiria walifika.

Saa kumi na moja alfajiri.
Zamu yangu hospitalini inaanza kumi na mbili,
sare bado iko kwenye kamba, ina unyevu.
Nazima sanduku. Naiweka peni mahali pake.
Vitunguu vinaanza kukaangwa, mtu anavuta hewa,
na jirani wa chini anagonga dari lake kwa mpini wa fagio,
nje kabisa ya mapigo,
ametangulia kidogo.