Tumbo, Utumbo

Daktari Pickering aliuliza: wapi?
Bi Sikujua akajibu: tumbo.
Nami mkalimani, nilipwaye kwa dakika,
nikakwama kwenye neno ambalo kwetu ni nyumba nzima:
mna njaa humo, mna mimba, mna siri,
mna ndugu wa kuzaliwa pamoja.
"Tumbo lipi, mama?"
"Kwani ninayo mangapi?"

Nje, barabara ya Anlaby ililowa bila haraka.
Alikuwa ametoka zamu ya usiku, nyuzi zimemganda kwenye sweta:
hushona mapazia ya nyumba za magurudumu
ambazo watu wa Hull huzivuta hadi ufukweni
wakalale pabaya kwa hiari yao.

Aonyeshe kwa kidole, daktari akasema.
Kidole kikaanzia chembe cha moyo,
pale wanapoumwa watu wote wa kwetu,
pale alipoumwa shemeji Byamungu
akamgawia nusu pakiti ya vidonge vyake.
Kisha kikashuka, kama mtu arudiye nyumbani amechelewa,
kikapita kitovu,
kikatulia chini, kushoto.

Je, panaungua? Kama umemeza kaa,
tumbo likiwa tupu, au punde baada ya kula?
La. Panasokota, kama mtu anakamua shuka.
Kichefuchefu? Kiungulia?
Siku moja tu. Pilipili ya harusi.
Je, choo —
hapo sauti yangu ikapungua,
maana ni rika la mama yangu, nami nina ndevu —
ukishakwenda choo, maumivu yanapoa?
Bi Sikujua akalitazama bango la chanjo ukutani.
"Mwambie yanapoa. Kama deni lililolipwa nusu."
Choo cheusi kama lami? Damu? Nguo kupwaya?
"Zipwaye wapi! Jioni zinanibana, najaa kama ngoma.
Wiki hii nafunga choo, wiki ijayo nakimbia."

Mwaka mzima alijinyima. Pilipili, ndimu, chai ya rangi.
Glasi ya maziwa alfajiri, glasi ya maziwa kabla ya zamu,
kwa kuwa kanisa zima lilimwambia ni vidonda,
na vidonda hupozwa kwa maziwa.
Mwezi wa tatu kamera ilimshuka kooni
ikakuta kuta safi, za waridi, kama chumba cha mgeni.
Siku hiyo alilia.
Kuumwa kusikotoka kwenye picha
ni kuitwa mwongo kwa lugha usiyoijua.

Ule wa juu, daktari alisema, ni ukuta uliochubuka,
na ukichubuka kamera huuona.
Huu wa chini haukuchubuka popote.
Ni mishipa inayopiga kelele kwa jambo dogo,
lakini maumivu ni maumivu, hayatungwi.
Nikatafuta Kiswahili chake.
"Ni herufi moja, mama. Si tumbo. Ni utumbo."
Utumbo, neno wanalotupiana vijana
mtu akisema upuuzi.
"Utumbo wenye hasira," nikaongeza, na papo hapo nikajuta.

Alinyamaza.
"Una haki," akasema.

Nililitafsiri na hilo; kuchagua si kazi yangu.
Daktari akaacha kuandika.
Kisha akauliza juu ya maziwa.
Ayaache wiki tatu, tuone.

Bi Sikujua akanigeukia mimi, si yeye,
kana kwamba ndiye niliyemnywesha:
"Yaani nyumba haikuwa inaungua,
nami mwaka mzima nalowesha magodoro?"

Kwenye fomu yangu, palipoandikwa sababu ya miadi,
niliandika tumbo. Dakika kumi na nane.
Nikarudi, nikabana u mwanzoni, ikakosa nafasi,
ikasimama nje ya mstari.

Kituoni alinisogelea chini ya mwavuli wake.
"Na pilipili je? Naruhusiwa?"
Sheria ya kazi hainipi jibu langu mwenyewe.
Nikalitazama basi likija,
naye akanitazama mimi,
na mkoba wake, nakuapia, ulinuka pilipili.